Jumamosi usichome hicho chungu

Mkuu, umesema chungu chako cha udongo umekianika juani siku mbili na Jumamosi unataka kukichoma kwenye jiko la mkaa. Jumamosi usiwashe moto wowote. Chungu kilichoanikwa juani siku mbili kinakuwa cheupe nje, lakini ndani bado kina maji. Jua linakausha ngozi tu. Umesema kitako kina unene wa kidole. Basi katikati ya kitako hicho ni tope. Joto likipita nyuzi 100 maji yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,700 ya maji yaliyouzaa. Usipopata njia, unaichimba. Utasikia "pwaa!" moto ukiwa bado mchanga, na vibanzi vya mviringo vitabanduka kitakoni. Halafu utaambiwa udongo wako mbaya. Udongo hauna kosa lolote!

Hao wa video fupi wa "anika siku mbili, tia motoni" wanakata kipande chote cha katikati, cha kukausha na kupasha, kwa sababu kinachosha kutazama. Mfinyanzi hulia gaeni, sawa, ila hatukukubaliana kila chungu kiwe gae.

Kanuni ni hii, nyingine zote zisubiri: ulimi wa moto usiguse chungu ambacho hakijapashwa hadi kikaisha maji.

Kausha kivulini wiki moja hadi mbili, msimu wa mvua zaidi, ukikipindua kitako kipate hewa. Kiguse kwa shavu: kikiwa na ubaridi, bado. Mizani ya jikoni ni bora kuliko shavu. Pima kila asubuhi. Uzito ukiendelea kushuka, subiri. Ukiacha kushuka, bado usishangilie, maana udongo unabaki na unyevu wa hewani. Siku ya kuchoma washa moto mdogo, weka chungu mita moja pembeni, kigeuze kila baada ya dakika kumi, ukisogeze shubiri kwa shubiri kwa saa mbili au tatu hadi kisishikike kwa mkono mtupu. Hapo shika kioo baridi juu ya mdomo wa chungu. Kikiingia ukungu, rudisha chungu nyuma. Kikibaki safi, funika kwa kuni nyembamba kavu na nyasi.

Jiko la mkaa unalotaka kutumia linapiga kitako huku ubavu ukiwa baridi, chungu kinapasuka kwa ufa mrefu. Choma chini, lakini tandaza vigae vya vyungu vilivyovunjika kwanza; ardhi iliyolowa nayo inatoa mvuke.

Mchanga wa ufukweni usiuchanganye kwenye udongo. Vipande vya kombe na matumbawe vikiungua sana vinageuka chokaa, chokaa inanywa unyevu wa hewa na kuvimba, na chungu kilichotoka kizima kinaanza kubanduka siku kadhaa baadaye, kila shimo na kitone cheupe. Badala yake twanga vigae, chekecha, kipimo kimoja kwa vinne vya udongo.

Chungu kuwa cheusi na kuvuja uliulizia pia, najua; hayo baadaye. Kwanza pima kitako kwa rula, uweke namba hapa. Kikizidi milimita 10, kwangua kabla hakijakauka kabisa.