Saa Kubwa Ilivyonifundisha Kuvaa Saa

Saa yangu ya kwanza ya bei mbaya ilikuwa na kipenyo cha milimita 44. Niliidundulizia karibu miaka miwili, na kigezo changu kilikuwa kimoja tu: ionekane. Ikaonekana kweli. Nikivaa shati la mikono mirefu, kifungo cha mkononi hakifiki kwenye tundu lake. Nina mikono myembamba, kwa hiyo zile pembe zinazoshika mkanda zilivuka kifundo huku na huku zikabaki hewani. Kwenye harusi ya binamu yangu, shangazi alinishika mkono, akaigeuzageuza saa, akauliza kwa sauti ya kusikika meza nzima: "Baba, hii si ilikuwa ya ukutani?"

Nilicheka na wenzangu. Usiku ule niliivua nikaitia kabatini.

Kwa hiyo kabla hujauliza jina la kampuni, chukua rula upime upana wa kifundo chako kwa juu, pale saa inapolala. Halafu ulizia urefu wa saa kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ya chini. Wengi huulizia kipenyo peke yake, na kipenyo kinadanganya: saa mbili za milimita 40 zitakaa tofauti kabisa ikiwa pembe za moja zimenyooka na za nyingine zimejikunja kufuata mkono. Urefu ukizidi upana wa kifundo, iache. (Kama ni zawadi, haya, ipokee.) Angalia na unene pia. Mimi zikipita milimita 12 hivi, zinagombana na mkono wa shati.

Tuseme ukweli, hakuna anayenunua saa ya kifahari ili ajue majira. Simu inayajua. Hata saa ya betri inayajua: Seiko ya Japani ilipoitoa Astron Desemba 1969, iliahidi kutopotea zaidi ya sekunde 5 kwa mwezi. Saa ya ufunguo iliyofaulu mtihani wa usahihi wa Uswisi, unaoitwa COSC, inaruhusiwa kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku moja. Unalipa zaidi upate usahihi mdogo. Ni pambo, basi, na kwa wanaume wengi ndilo pambo pekee ukiacha pete.

Kinachonifurahisha ni kwamba zamani wanaume waliikataa. Saa ya mkononi ilionekana kama bangili, kitu cha kike. Mwanaume alitia yake mfukoni na mnyororo wake. Rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont alihitaji mikono yote miwili kuongoza chombo chake, na mwaka 1904 sonara wa Paris, Louis Cartier, akamtengenezea saa ya kufunga mkononi. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na askari aliye kwenye handaki hana nafasi ya kupapasa mfuko. Baada ya hapo nani angesema tena ni ya kike?

Halafu kuna suala la madini. Mwaka 1972 kampuni ya Uswisi ya Audemars Piguet ilitoa saa ya Royal Oak iliyochorwa na mbunifu Gérald Genta: fremu ya kioo ina pande nane, skrubu nane zinaonekana wazi, chuma cha pua kitupu, na bei yake ikazipita saa nyingi za dhahabu. Ukiinamisha saa ya namna hiyo chini ya taa utaelewa. Ukingo mwembamba uliong'arishwa unawaka ghafla kisha unazima, na ubavu uliopigwa msasa umetulia tu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Ya pili niliinunua mkononi mwa mtu, milimita 36, mkanda wa ngozi, ile inayojijaza kwa mwendo wa mkono. Sikutoa hela mpaka fundi saa aliyeizoea aina hiyo alipoifungua mfuniko mbele yangu. Mshale wa sekunde unapiga hatua nane kila sekunde, ndogo kiasi kwamba jicho linaona unateleza. Muda mwingi imejificha. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe inachungulia, kisha inarudi ndani ya shati. Kwangu raha ya saa ni hapo tu.

Mkanda mweusi uende na viatu vyeusi, wa kahawia na vya kahawia. Rangi si lazima zilandane kabisa. Dhahabu na fedha sibishanii, maana pete yangu hailingani na saa. Mkanda ndiyo njia rahisi ya kuibadilisha saa, ila ubadilishe juu ya kitambaa na kwa subira. Ile mikwaruzo miwili kwenye pembe za yangu ni kazi ya haraka zangu. Maandishi ya mita 30 kwenye saa yanamaanisha maji ya kunawa, usiogelee nayo. Na ulizia gharama ya kuifanyia huduma kabla hujanunua, kwa sababu mafuta ya ndani hukauka.

Bandia? Anayezijua ataitambua, asiyezijua hakuwa na habari nayo tangu mwanzo. Na ukiambiwa saa ni kitega uchumi, kumbuka ile Rolex Daytona iliyouzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17 ilikuwa ya Paul Newman, mwigizaji maarufu wa filamu wa Marekani. Yangu ilikuwa ya kwangu, na ile ya milimita 44 niliiuza kwa hasara. Aliyeichukua ana mikono kama ya mbeba mizigo. Alipoifunga, pembe zikalala sawasawa, na nikakiri moyoni kwamba ni saa nzuri sana.