Matundu ya skrubu yasiyokutana na bamba zisizobana

Ndugu, umesema umechora tundu la mm 4 kwenye bamba zote mbili kwa skrubu ya M4 (yenye kipenyo cha mm 4), halafu matundu hayakukutana na bamba hazishikani. Hapo kuna makosa mawili tofauti.

La kwanza ni kipimo. Bamba la juu halitakiwi kuwa na hesi (mifereji ya kuzunguka inayoshika skrubu) kabisa. Litoboe mm 4.5 skrubu ipite huru. La chini ndilo linakatwa hesi, kwa hiyo lichore mm 3.3. Ukikata hesi kote kuwili, skrubu hushika bamba zote mbili kwa wakati mmoja na uwazi uliopo katikati hubaki vilevile, hata ukaze mpaka kichwa kikatike. Watu wengi hudhani skrubu ni dhaifu, kumbe wameifungia njia.

La pili ni namna ya kuchora. Usipime nafasi za matundu mara mbili. Unganisha bamba kwanza ndani ya programu ya kuchora, weka alama za vituo vya matundu kwenye mchoro mmoja, kisha matundu ya bamba zote yafuate mchoro huo. Ukisogeza kituo, yote yanasogea pamoja.

Kina cha hesi: kwenye chuma mm 4 zinatosha, kwenye alumini weka 6. Kama tundu halitoki upande wa pili, litoboe mm 3 hivi zaidi ya hesi, maana ncha ya tapu (kifaa cha kukatia hesi) haikati hesi kamili. Na usilisogeze ukingoni. Kutoka kituo hadi ukingo acha mm 8.