Ukuta wa Mai Mahiu: kujenga mteremko wa Bonde la Ufa ndani ya BeamNG.drive

SWALI: Habari mtaalamu. Ninajenga ramani ya mchezo wa kuendesha magari wa BeamNG.drive: barabara ya chini inayoshuka kwenda Mai Mahiu, mteremko wote, na mlima Longonot uonekane kwa mbali. Nilipakua data za mwinuko za SRTM (zilizopimwa kwa rada kutoka angani), nikazigeuza kuwa picha nyeusi na nyeupe, nikaziunganisha kwa programu ya kuhariri picha, kisha nikaingiza ramani ya kilomita 16 kwa 16, nukta moja kila mita. Sasa ardhi imekatika ngazi. Kuna ukuta ulionyooka kama rula unaokata ramani mashariki kwenda magharibi karibu na mji wa Mai Mahiu. Barabara inarusha gari. Mchezo nao unachukua muda mrefu kufunguka kisha unajifunga wenyewe. Kompyuta ina RAM ya GB 16. Nianzie wapi? — Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Anzia kwenye ukuta, kwa sababu kosa lililouleta ndilo lililoleta na ngazi.

Data za SRTM hugawanywa kwa vipande vya digrii moja kwa moja, na Mai Mahiu iko karibu kabisa na mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo ramani yako inahitaji vipande viwili: S01E036 upande wa kaskazini na S02E036 upande wa kusini. Programu ya picha inapogeuza kipande kuwa nyeusi na nyeupe, huchukua sehemu ya chini kabisa ya kipande hicho ikaiita nyeusi, na ya juu kabisa ikaiita nyeupe. Kipande cha kaskazini kina Aberdare, ambako kilele cha Ol Donyo Lesatima kinafika mita 4,001. Cha kusini kinashuka hadi Ziwa Magadi, takriban mita 600. Rangi ileile ya kijivu ina maana mbili tofauti katika faili mbili, na zinapokutana unapata ukuta. Hakuna brashi ya kulainisha itakayouondoa bila kuharibu mji mzima. Futa, uanze upya na faili asilia.

Ngazi nazo zimetokana na picha ya biti 8, yenye viwango 256 tu vya kijivu. Ukivinyoosha juu ya kipande cha kusini, ambacho tofauti yake ya mwinuko inazidi mita 1,800, kila ngazi inakuwa na kimo cha mita 7 hivi. Ndiyo maana ardhi yako inafanana na mashamba ya Machakos yaliyochimbwa matuta ya fanya juu. Picha ya biti 16 ina viwango 65,536, na kwa ramani yenye tofauti ya mita 800, hatua moja ni sentimita 1.2. Gari halitaisikia.

Kuna ngazi ya pili iliyojificha ambayo wengi huikosa hata wakishatumia biti 16. SRTM yenyewe huhifadhi mwinuko kwa mita kamili, bila desimali. Kwenye mteremko mkali hutaona kitu, lakini sakafu ya bonde, ambako ardhi inapanda mita moja kwa mamia ya mita, itakuwa na vijiukuta vya mita moja vilivyotawanyika. Kwa hiyo ni lazima uzigeuze data hizo kuwa namba za desimali na kuzilainisha kabla ya kuongeza nukta. Ukipenda, tumia data nyingine za mwinuko, Copernicus GLO-30, ambayo tayari ina desimali. Ila jua kwamba hiyo, sawa na SRTM, hupima juu ya miti na mapaa: msitu ulio juu ya mteremko utatokea kama kilima chenye kingo, na utalazimika kuushusha kwa mkono.

Kuhusu ukubwa, nitakukatalia. Kilomita 16 na kidogo kwa nukta ya mita moja ni nukta 16,384 kila upande, yaani zaidi ya milioni 268. Kwa baiti mbili kila nukta, mwinuko peke yake unapita MB 500, kabla ya rangi, mgongano (data za gari kugusana na ardhi) na miti. Na hukupata chochote kwa gharama hiyo: data yako ni ya mita 30, kwa hiyo kila nukta halisi imetanuliwa kuwa 900. Chukua kilomita 8.192 kila upande kwa nukta ya mita 2. Hiyo ni 4096 kwa 4096, chini ya milioni 17, na mwinuko wake ni MB 34 hivi. Pande za ramani lazima ziwe kipeo cha 2 (1024, 2048, 4096 na kuendelea), kwa hiyo kilomita 8 kamili haitakubali. Mraba huo unatosha kwa kipande kizuri cha mteremko pamoja na mji. Longonot tutaishughulikia kando.

Kazi yote ya data ifanye kwa QGIS, programu ya ramani, na zana za GDAL zinazokuja nayo (amri zifuatazo ni zake), si kwa programu ya picha. Kila kipande cha SRTM ni nukta 3,601 kwa 3,601, kama MB 26 kabla ya kubanwa, kwa hiyo hutamaliza bando. Viunganishe kwanza:

gdalbuildvrt bonde.vrt S01E036.hgt S02E036.hgt

Ukiona mashimo yenye thamani ya -32768, hizo ni sehemu ambazo rada haikupata jibu. Zijaze kwa gdal_fillnodata sasa, kwa sababu baadaye zitageuka visima vyenye kina cha ajabu. Kisha kata na ubadilishe makadirio ya ramani, kutoka digrii kwenda mita:

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -te X1 Y1 X2 Y2 -tr 2 2 -r cubicspline -ot Float32 bonde.vrt mwinuko.tif

Namba 32737 ni mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 kusini, inayopimwa kwa mita. Pembe X1, Y1, X2 na Y2 zisome kwenye QGIS, na hakikisha X2 ukitoa X1 ni 8192 kamili, vivyo hivyo Y. Neno la kuangalia hapo ni cubicspline, njia ya kukisia mwinuko kati ya nukta: hulainisha kidogo badala ya kupita juu ya kila nukta, na ndiyo inayovunja vile vijiukuta vya mita moja. Ukitumia njia ya near, utapata vigae vya mraba vya mita 30. Ukitumia bilinear, mteremko utakuwa na mikunjo mahali nukta zinapokutana, na mwanga wa jioni utaionyesha yote.

Usigeuze kuwa PNG bado. Barabara kwanza.

Data ya mita 30 haina barabara ndani yake, na hakuna mbinu itakayoitoa huko. Nukta moja imemeza lami, ukingo, mtaro na mwamba wa juu kwa pamoja. Ukilaza barabara ya upana wa mita 7 juu ya mteremko wa digrii 30 kama ulivyo, upande mmoja utakuwa chini ya mwingine kwa mita 4. Barabara halisi ilichongwa, nawe inabidi uichonge. Chukua mstari wa katikati kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni (leseni yao inataka uwataje, kwa hiyo andika hivyo kwenye maelezo ya modi). Weka nukta kila mita 10 kwenye mstari huo, soma mwinuko wa kila nukta kutoka mwinuko.tif, kisha badilisha kila mwinuko kwa wastani wa nukta 17 zinazoizunguka: nane nyuma, nane mbele na yenyewe. Kagua tofauti kati ya nukta jirani. Ikizidi mita 1, huo ni mwinamo wa zaidi ya asilimia 10, na lori lenye shehena litakuonyesha kosa lako. Ongeza wastani mahali hapo.

Sasa rudisha mwinuko huo ardhini: mita 6 kila upande wa mstari ziwe sawa kabisa na barabara, halafu mita 20 zinazofuata zichanganyike polepole na ardhi ya asili. Fanya hivi kwenye faili ya desimali, kwa kikokotoo cha rasta (picha za nukta) cha QGIS au kwa lugha ya programu ya Python. Upande wa juu utapata ukingo uliochongwa, upande wa chini tuta, na mara moja mahali patafanana na penyewe. Mwishoni ndipo unageuza. Soma kiwango cha chini na cha juu kwa gdalinfo -stats. Tuseme umepata kati ya 1,600 na 2,400:

gdal_translate -of PNG -ot UInt16 -scale 1600 2400 0 65535 mwinuko.tif mwinuko.png

Katika kihariri cha mchezo, kinachofunguka kwa F11, ingiza picha hiyo ukiweka mita 2 kwa pikseli na kimo cha juu 800, si 2,400. Hapa ndipo milima hukua mara tatu na watu hulaumu data. Kona ya ardhi iweke -4096, -4096 ili katikati ya ramani iwe sifuri. Ikitokea kaskazini imekuwa kusini, rudia ukibadilisha chaguo la kugeuza mhimili wa Y. Na usiifungue PNG hiyo kwenye programu ya picha hata kwa dakika moja “kurekebisha kidogo”. Nyingine huirudisha biti 8 bila kukuambia, nyingine hubadilisha gamma (mpangilio wa mwangaza), na vilima vyote hubadilika umbo.

Kwa lami yenyewe tumia mesh road, barabara ya kihariri ambayo ina umbo lake, badala ya kutegemea pembetatu za mita 2 za ardhi. Shusha ardhi chini yake sentimita 15 ili nyasi zisichomoze katikati ya lami. Juu yake laza decal road, picha ya barabara inayobandikwa juu, kwa mistari ya rangi, na nyingine isiyoonekana kwa ajili ya magari yanayojiendesha, ukiwa umeweka drivability (ruhusa ya magari hayo kuipita) 1. Usipoiweka, matatu zako zitabaki zimeegeshwa stejini siku nzima.

Gari likiendelea kuruka, lipime kabla ya kugusa brashi. Endesha kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kwa sekunde. Likiruka kila baada ya sekunde 1.3 au 1.4, hayo ni mabaki ya data ya mita 30, na wastani wako wa barabara ulikuwa mfupi mno. Mtetemo wa haraka usiokoma ni gridi ya mita 2: ardhi imechomoza juu ya lami. Likiruka mahali palepale pachache tu, tazama nukta za mesh road zilizokaribiana kupita kiasi, hasa kwenye kona.

Longonot, yenye mita 2,776, iko zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini, na hakuna atakayeiendea kwa gari kwenye ramani hii. Itengeneze kama umbo la mandhari tu. Kata eneo la kilomita 40 kwa nukta ya mita 120: unapata nukta 111,000 hivi, pembetatu kama 222,000, na kadi ya michoro ya wastani inazibeba. Toa tundu la kilomita 8 katikati, kingo za tundu zizamishe mita 3 chini ya ardhi yako ili ufa usionekane, ondoa mgongano, uihifadhi kama faili ya umbo la 3D ya .dae. Tumia kianzio kilekile cha ramani yako na utoe mita 1,600 zilezile, la sivyo mlima utaelea. Kisha ongeza visibleDistance ya ramani, yaani umbali wa kuonekana, ipite mita 30,000.

Rangi za ardhi zipate kutokana na mwinamo: gdaldem slope itakupa digrii za kila nukta. Zaidi ya 35 ni mwamba, 20 hadi 35 ni udongo na vichaka, chini ya hapo ni nyasi. Toa kila tabaka kama picha nyeusi na nyeupe ya 4096 kwa 4096, na hapa biti 8 inatosha. Tekstua zote za ardhi ziwe na ukubwa mmoja, maana moja ikitofautiana utapata ardhi nyeusi au ya rangi ya chungwa, na sababu imeandikwa kwenye konsoli, dirisha la ujumbe wa makosa la mchezo.

Miti ndiyo inayoua kasi. Kilomita za mraba 67 kwa mti mmoja kila mita 100 za mraba ni miti 670,000. Panda ndani ya mita 150 kila upande wa barabara tu: kwa barabara ya kilomita 12 ni miti 36,000, na dereva hataona tofauti. Mitarakwa iweke juu, migunga na leleshwa chini bondeni. Panda mwisho kabisa, baada ya kuacha kugusa ardhi, kwa sababu mti hukumbuka kimo ulichopandwa, na ukichimba chini yake unabaki hewani. Kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942 lipo kando ya barabara hiyo. Hilo lipe umbo zuri kuliko miti elfu moja, kwa kuwa kila aliyewahi kupita atalitafuta.

Kazi yote iweke kwenye folda yako ya mtumiaji, si pale mchezo uliposakinishwa, ambako sasisho linaweza kuifuta. Hifadhi nakala yenye tarehe kila unapomaliza hatua, maana stima ikipotea katikati ya kuhifadhi faili ya ardhi ya .ter, faili hiyo haifunguki tena. Unapoifunga kwa zipu, kitu cha kwanza ndani yake kiwe folda ya levels, kisha jina la ramani kwa herufi ndogo bila nafasi. Ukiifunga ikiwa ndani ya folda nyingine, kwako itafanya kazi kwa sababu mchezo unasoma folda yako, na kwa kila mtu mwingine ramani haitatokea kwenye orodha. Ijaribu baada ya kuihamisha folda yako ya kazi kwingine.