Dekano wa Rota Romana: je, anaweza kuifuta hukumu peke yake?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Dada yangu alifungua shauri la ubatili wa ndoa katika mahakama ya jimbo, na hukumu iliyotoka inasema kwamba ubatili haukuthibitika. Mzee mmoja wa parokia anamshauri amwandikie moja kwa moja dekano, yaani mkuu, wa Rota, mahakama ya rufaa ya Papa kule Roma, kwa maelezo kwamba dekano ndiye jaji mzee kuliko wote, yuko juu ya wenzake, na anaweza kuifuta hukumu hiyo kwa kalamu yake. Je, ni kweli? Na cheo hiki kilianzaje? *Msomaji, Moshi.*

Jibu: Milele, amina. Mzee wenu ana ukweli kidogo kuhusu zamani, lakini kuhusu mamlaka amekosea. Dekano wa Rota Romana ni wa kwanza miongoni mwa walio sawa. Anaposikiliza shauri pamoja na majaji wenzake ana kura moja kama wao, na shauri asilopangiwa kulisikiliza hana kura ndani yake hata kidogo.

Tuanze na asili yake. Katika karne za kati Mapapa walipelekewa mashauri mengi kuliko walivyoweza kuyasikiliza, wakawakabidhi mapadre wa nyumba yao kazi ya kuwasikiliza wadai na mashahidi. Ndiyo maana majaji wa Rota huitwa kwa Kilatini *auditores*, yaani wasikilizaji. Mwanzoni walisikiliza tu na kumpelekea Papa maelezo ili atamke mwenyewe; baadaye wakapewa uwezo wa kutoa hukumu. Mwaka 1331, Mapapa wakiishi Avignon, Papa Yohane XXII aliiwekea mahakama hiyo kanuni za kudumu, na ni katika karne hiyo hiyo jina la Rota, maana yake gurudumu, lilipoanza kuzoeleka. Wapo wanaosema jina limetokana na umbo la mviringo la mahali walipoketi majaji, na wapo wanaosema limetokana na mashauri kuzunguka kutoka kwa jaji mmoja hadi mwingine. Mwaka 1472 Papa Sixtus IV aliweka idadi ya majaji kuwa 12.

Mahali penye watu 12 walio sawa lazima awepo wa kuitisha kikao na kugawa kazi. Mtu huyo alikuwa dekano, na hakupatikana kwa kupigiwa kura wala kwa kupendelewa, bali kwa zamu: kiti kilipobaki wazi, aliyetangulia kuteuliwa kuwa jaji kuliko wenzake ndiye aliyekikalia. Hapo ndipo penye ukweli wa mzee wenu, ingawa ukubwa uliohesabiwa ulikuwa wa miaka ya utumishi katika mahakama na si wa miaka ya kuzaliwa. Jaji wa miaka 50 aliyeingia mapema aliketi juu ya jaji wa miaka 65 aliyeingia jana. Nafasi hiyo ilionekana hata kanisani, kwa kuwa katika ibada kuu dekano wa Rota ndiye aliyeishika mitra, yaani kofia ya ibada, ya Papa.

Ukitaka kuona jinsi ukubwa huo usivyohusika na uzito wa kura, tazama walivyoamua mashauri zamani. Jaji aliyekabidhiwa shauri alilichambua, akaweka wazi hoja inayobishaniwa, kisha waliopiga kura walikuwa wenzake wanne waliofuata katika mpangilio wa viti. Yeye mwenyewe hakupiga kura, bali aliandika uamuzi kufuatana na kura zao. Binafsi naona utaratibu huo ulikuwa wa busara kubwa, kwani aliyelijua faili kuliko wote ndiye aliyefungwa mikono asiwaburute wenzake. Dekano naye, alipokabidhiwa shauri, alifungwa na utaratibu huo huo.

Wanajeshi wa Italia walipoiteka Roma mwaka 1870, Dola ya Papa ilikwisha na Rota ikabaki karibu jina tupu, hadi Papa Pio X alipoirudishia kazi yake tarehe 29 Juni 1908. Michele Lega akawa dekano wa kwanza wa kipindi kipya, na mwaka 1914 akafanywa Kardinali. Ikawa kama desturi kwa madekano waliofuata: André Jullien alipata ukardinali mwaka 1958, na William Theodore Heard, Mskoti ambaye katika ujana wake alipiga kasia kwenye mashindano ya mashua akiwa upande wa Oxford, akaupata mwaka 1959. Francis Brennan, Mmarekani, alifuata mwaka 1967, na Bolesław Filipiak wa Poland mwaka 1976. Madekano hao walitoka nchi mbalimbali, nalo si jambo la bahati, maana sheria yenyewe inataka majaji wa Rota wateuliwe kutoka sehemu mbalimbali za dunia.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1988. Katiba ya Kitume *Pastor Bonus* ya Papa Yohane Paulo II iliagiza kwamba dekano ateuliwe na Papa mwenyewe, kwa muda maalumu, kutoka miongoni mwa majaji wa Rota. Katiba ya *Praedicate Evangelium* ya mwaka 2022 imeutaja muda huo kuwa miaka mitano, na bado imetumia maneno yale yale ya kale, “wa kwanza miongoni mwa walio sawa”. Kwa hiyo siku hizi kutangulia kuingia hakumpi mtu kiti hicho.

Je, dekano wa leo ana uwezo gani? Anaunda jopo la majaji, kwa kawaida watatu, litakalosikiliza shauri. Kila jaji hufika kikaoni na maoni yake kwa maandishi, yakiwa na sababu za kisheria na za ushahidi, kisha wanajadili na kuamua kwa wingi wa kura. Hukumu hutajwa kwa jina la jaji aliyeiandika, likitanguliwa na neno *coram*, yaani “mbele ya”. Ukikuta *coram Stankiewicz*, maana yake ni kwamba Antoni Stankiewicz, aliyekuwa dekano kuanzia 2004 hadi 2012, ndiye aliyeiandika. Haina uzito wa ziada kwa sababu ya cheo chake. Marekebisho ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, yaliyoandaliwa na tume iliyoongozwa na dekano wa wakati huo, Pio Vito Pinto, yalimwongezea mambo mawili. Kwa sababu nzito anaweza kulegeza kanuni za Rota katika mambo ya utaratibu, na katika mchakato mfupi, yaani ule ambao askofu mwenyewe ndiye anayetoa hukumu, anaweza kuikataa tangu mwanzo rufaa iliyoletwa Rota ikiwa ni dhahiri kwamba imekatwa kwa ajili ya kuchelewesha tu. Yote mawili yanahusu namna shauri linavyoendeshwa. Kama ndoa ni batili au si batili, hilo bado linaamuliwa na jopo.

Sasa dada yako. Barua ya kumsihi dekano haitasimamisha hesabu ya siku. Kanuni ya 1630 ya Sheria za Kanisa inampa siku 15 tangu alipojulishwa hukumu, na rufaa hiyo huwasilishwa kwa mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Asome tena karatasi aliyopewa, kwa sababu kanuni ya 1614 inaagiza hukumu itangazwe pamoja na maelezo ya njia za kuipinga. Baada ya hapo ana mwezi mmoja wa kuifuatilia mbele ya mahakama ya rufaa. Kwa kawaida hiyo ni mahakama ya jimbo kuu, isipokuwa maaskofu wameweka nyingine kwa idhini ya Kiti Kitakatifu. Akipenda, kanuni ya 1444 inamruhusu kukata rufaa Rota moja kwa moja, lakini alitaje jina la Rota waziwazi katika maandishi yake, kwa sababu asipotaja mahakama yoyote, kanuni ya 1632 itachukulia kwamba amekata rufaa katika mahakama ya kawaida ya huko nyumbani.