Asilimia 70 wana kazi? Watafuteni pia waliokosa nafasi

Aliyeuliza anasema shirika lao hufundisha vijana wa Mathare, mtaa wa mabanda Nairobi, umeme na ushonaji, kwamba mwaka mmoja baadaye asilimia 70 wana kazi, na bado mfadhili hajaridhika. Nimefuatilia wahitimu wa mafunzo kama hayo huku Mukuru, mtaa mwingine kama huo, na nakubaliana na mfadhili.

Kijana huja kujiandikisha kibarua kikiwa kimeisha. Hata asiposoma, mwaka ukipita huenda akapata mjengo au biashara ndogo. Sasa katika hao 70, ni wangapi wangepata kazi hata bila nyinyi? Waombaji wakizidi nafasi, chagueni wa kuingia kwa bahati nasibu hadharani, kisha wafuatilieni waliokosa sawasawa na waliopata. Uturuki ilifanya hivyo kwa kozi za shirika la serikali la ajira kuanzia 2010, na ikaonekana waliokosa nafasi walipata kazi karibu sawa na waliosoma. Mwaka 2017 David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya tafiti za aina hiyo: katika kila watu 100 waliopewa mafunzo, wasiofika 3 ndio waliopata kazi ambayo wasingeipata vinginevyo. Lakini Kolombia, bahati nasibu kama hiyo ya 2005 ilionyesha mapato ya wanawake waliopata nafasi yamepanda karibu asilimia 20. Kwa hiyo mafunzo yanaweza kufaa sana. Lazima mpime yenu.

Dodoso nalo liangalieni. Dada mmoja alituambia hana kazi, na cherehani iko mlangoni, sare za shule za wateja zimetundikwa ukutani. Tulipomuuliza wiki iliyopita ameshona nini, amelipwa ngapi, kitambaa na uzi vimemgharimu ngapi, tukapata faida yake. Ulizeni hivyo, kila mtu. Na anayeuliza asiwe mwalimu wake, kwa sababu mwanafunzi ataona aibu kumwambia ukweli.

Shida kubwa ni kuwapata. Watu hubadilisha laini, kodi ikipanda wanahama. Siku ya usajili chukueni namba ya mama, ya rafiki, ya jirani. Mkiwapata karibu wote waliosoma na nusu tu ya waliokosa, hesabu yote imeharibika.

Kundi la sasa limeshaanza, hilo liacheni. Kabla ya usajili ujao, tengeni pesa za kuwatafuta waliokosa, nyingi kuliko za waliosoma, maana hao hawana sababu ya kupokea simu yenu.