Mwanangu, nenda mto ukigeuka

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, mara ya tatu ndiyo nikakumbuka kuvaa miwani. Unasema tiketi ya kwenda Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, imeshuka bei mwezi wa tisa na likizo umeshaipata, ila wenzako kazini wanakukatisha tamaa: Septemba kule ni mvua tupu, subiri Desemba anga likiwa jeupe. Halafu mwishoni, kama mtu anayepita tu, ukaniuliza, "Mama, wewe ulikwenda kulekule mwezi huohuo, mbona hujawahi kutusimulia?"

La kwanza nakujibu haraka: nenda Septemba. La pili linataka kikombe cha chai, na nimeshakimimina.

Wenzako hawajakosea kuhusu mvua. Kambodia mvua huanza Mei, na Septemba na Oktoba ndipo inapokolea. Lakini mara nyingi mvua ya kule ina adabu ya kufuata saa. Asubuhi jua linawaka kama hakuna kitu. Mchana joto linabana hadi blauzi inagandamana na mgongo. Saa tisa au saa kumi hivi weusi unapanda upande mmoja wa mji, upepo unapeperusha mifuko, akina mama wa biashara wanashusha maturubai, na waendesha pikipiki wanaegesha kando ya barabara wote kwa pamoja, kana kwamba wamepigiwa kengele, wanajivika makoti ya nailoni. Kisha inamwagika. Inanyesha kwa muda wa saa moja, au saa moja na nusu, imekata. Zipo siku inashinda inanyesha kutwa, sikufichi. Katika wiki zangu tatu nilizihesabu siku tatu za namna hiyo, na nilizitumia kulala.

Lakini sikuambii uende kwa sababu mvua inavumilika. Ingekuwa hivyo tu ningekuambia ubaki nyumbani, mvua hata Mwanza ipo. Uende kwa sababu msimu huo mto wa pale unarudi ulikotoka.

Ilikuwa 2007. Ofisi ilinipeleka mafunzo ya uvuvi wa maji baridi, mimi na vitabu vyangu vya dagaa na sangara. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikaenda kusimama ukingoni, barabara ya Sisowath, pale mto Tonle Sap unapopita mbele ya mji kabla ya kukutana na mto mkubwa wa Mekong. Ramani nilikuwa nimeisoma ndani ya ndege: ziwa kubwa liko kaskazini-magharibi, bahari iko kusini. Sasa natazama majini naona magugu maji, yaleyale yaliyotutesa sisi huku Ziwa Viktoria, yanaelea kwa mafungu na maua yake ya zambarau. Yanaelekea kaskazini, ziwani! Nikageuza ramani. Nikatafuta jua liko wapi. Nikafikiri uchovu wa safari umenivuruga. Bwana mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya viungo alinitazama navyohangaika na karatasi yangu, akacheka, akanionyesha kwa mkono: mto, huko. Ndiyo, huko huko.

Darasani ndipo tulipoelezwa. Mvua za juu, Laos na kwingineko, pamoja na theluji inayoyeyuka kwenye milima ya mbali, zinaujaza Mekong hadi usawa wake unalipita ziwa la Tonle Sap. Basi maji ya Mekong yakifika Phnom Penh hayaendi yote baharini. Mengine yanakata kona, yanaingia kwenye mto ambao miezi mingine humwaga maji kutoka ziwani, na kuusukuma kinyume, kilomita mia moja na zaidi. Ziwa ambalo kiangazi lina kilomita za mraba 2,500 hivi na kina cha kama mita moja, mwaka mzuri linatanda hadi karibu 15,000, na kina kinafika mita tisa. Misitu yote ya pembeni inazama, na samaki wanaingia katikati ya miti kula na kukua. Kati ya mwisho wa Septemba na Novemba Mekong unashuka, mto unageuka tena, na samaki wanatoka wakiwa wamenona. Sherehe yao ya maji ya Novemba, yenye mashindano ya mitumbwi mirefu mbele ya kasri la mfalme, inaangukia wakati huo wa kugeuka.

Nilichokipenda zaidi nilikipata wakati wa chai. Wana kasamaki kadogo wanakaita trey riel, ndiyo dagaa wao, na wenyewe hupenda kusema hata fedha yao, riel, imechukua jina lake. Wanamkinga mtoni kwa nyavu ndefu kama mifuko, zimepangwa safu kuukata mto, zinaitwa dai. Mkufunzi akasema samaki hushuka kwa wingi siku chache kabla ya mwezi mpevu, na wavuvi hawalali. Nikawaambia kwetu mbalamwezi ikitoka wavuvi wa dagaa wanabaki nyumbani na wake zao, maana karabai haishindani na mwezi. Darasa zima lilicheka, na kuanzia siku hiyo wakaniita dada wa mbalamwezi.

Ukienda Desemba utakuta nyavu hizo zinafanya kazi, na anga jeupe, na foleni ya watalii. Mto utakuwa unateremka kama mito mingine.

Kama utafanya jambo moja tu, panda pantoni ya kuvuka kwenda Arey Ksat, ng'ambo ya Mekong. Inaondoka si mbali na kasri. Usipande asubuhi, panda saa kumi na nusu, mvua ikishakata. Utabanwa kati ya pikipiki zilizolowa, wanafunzi wenye mashati meupe, na mama mwenye kikapu cha kuku. Jikaze usogee ubavuni. Katikati ya maji geuka nyuma: paa za dhahabu za kasri zinatoa mvuke, na hapo chini mito inakutana. Wenyewe wanapaita Chaktomuk, nyuso nne: Mekong wa juu, Mekong wa chini, Tonle Sap na Bassac. Mimi niliona mstari wa povu na vijiti pale maji mawili yanaposuguana, gogo likazunguka hapo muda mrefu, halijui liende wapi, mpaka pantoni ikafika.

Ukirudi, mbele ya kasri kuna kijumba cha ibada ukingoni, watu wanapeleka maua ya yungiyungi na kufungulia ndege wadogo. Wauzaji wana vichwa vya yungiyungi vya kijani, kama ncha ya bomba la kumwagilia bustani. Vinapasuliwa, unatoa mbegu moja moja, unamenya ngozi, unakula mbichi. Zina ladha ya karanga mbichi, ila ukikuta kichipukizi cha kijani katikati kitoe, kichungu.

Chakula hakitakushinda. Asubuhi tafuta num banh chok, tambi za mchele zenye mchuzi wa samaki wa kijani na majani mabichi juu, kule kwa mama lishe anayebeba vikapu viwili kwa mti begani. Prahok, samaki wao wa kuvundika, itakufikia puani kabla ya macho. Mtoto aliyekulia karibu na magunia ya kayabo asilete maringo. Shokishoki zipo tele, na doriani kama unazozijua za Unguja, ila hoteli nyingi zinakataza kuingia nazo.

Na utaitwa. Kule hawaiti mtu kwa jina tupu: mkubwa kidogo kwako ni bong, mama wa makamo ni ming, mwanamume wa makamo ni pu. Kama sisi na dada, mama mdogo na baba mdogo. Sema bong kwa dereva, unganisha viganja kwa wazee, na "arkun" ndiyo asante.

Mambo ya mama sasa, uyasome hata kama unayajua. Usikanyage maji ya barabarani na kandambili. Mimi nilikanyaga, kitu kikanikata kidole, na zahanati niliyokwenda wakanifunga bendeji bila kusafisha. Siku ya pili kidole kilikuwa kama kitumbua. Mbu wa dengi wanauma mchana na msimu wao ndio huo, jipake dawa asubuhi, usisubiri jioni. Dola zako ziwe safi, noti yenye mpasuko wa ukucha tu wanairudisha. Chenji utapewa kwa riel, kama 4,000 kwa dola. Na ukiona mwishoni mwa mwezi mji unatulia ghafla na maduka yanafungwa, ujue ni Pchum Ben, siku kumi na tano za kuwalisha marehemu, wakati wake ni Septemba au Oktoba. Watu wanakwenda kwao vijijini. Ukialikwa pagoda alfajiri, nenda, vaa nguo ya kufunika mabega.

Mji wenyewe utauona umebadilika kuliko nitakavyoweza kukueleza. Mwaka 2007 nilikuwa nikinywa soda kwenye baraza ya mbao juu ya nguzo, katika ziwa Boeung Kak, katikati ya mji. Niliporudi 2018 kwa mkutano wa siku nne, ziwa halipo. Walianza kulifukia kwa mchanga 2008, na maelfu ya familia wakaondolewa. Halafu watu wanashangaa mitaa inajaa maji mvua ikinyesha. Maji yalikuwa na nyumba yake.

Sasa swali lako la pili.

Kuna mahali panaitwa Choeung Ek, kama kilomita 15 kutoka mjini. Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti wa kulekule, waliingia Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, wakautoa mji mzima watu wake, na hadi Januari 1979 walipoondolewa, waliokufa nchini wanakadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na mbili. Choeung Ek palikuwa shamba la matunda na makaburi ya Wachina. Walipachagua kwa kuulia. Mwaka 1980 ilifukuliwa miili karibu 9,000, na mashimo mengine yakaachwa yalivyo.

Nilikwenda Jumamosi, usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Mtembezaji wetu alituambia jambo moja tu kabla hatujaanza: tazameni mnapokanyaga. Kila masika udongo ule unalainika na kutoa vitu: vitambaa, meno, vipande vya mifupa. Wafanyakazi hupita kuviokota na kuviweka pamoja. Kwenye kijia, hatua moja kutoka kiatu changu, kulikuwa na ncha ya mkono wa shati imetokeza kwenye matope. Ilikuwa ndogo. Kifungo kilikuwa bado kimeshonwa.

Wewe mwaka ule ndiyo ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Jumatatu niliyorudi ulinijia na shati la shule, ukanipa mkono nikufunge kifungo cha mkononi, na ukauliza nimekuletea nini. Nikakuletea skafu ya hariri, unayo mpaka leo. Habari za mto ningekusimulia, lakini sikujua namna ya kusimulia mto bila kufika kwenye kile kijia, kwa hiyo nikanyamaza vyote. Miaka ikapita, ikawa mazoea.

Ukienda Choeung Ek, nenda asubuhi, usiende na watu wanaopenda kupiga picha. Kama hutaki, usiende, hakuna atakayekudai.

Jambo la mwisho, hili ni langu. Nimesoma kwamba miaka ya karibuni mto haugeuki kwa uhakika kama zamani. Mwaka 2019 na 2020 ulichelewa sana, mvua zilikuwa haba, na juu Mekong umewekewa mabwawa mengi ya umeme. Siku utakapofika, kabla hujalala, shuka Sisowath, usimame ukingoni uangalie magugu maji. Nipigie hata kama huku ni usiku, uniambie yanaelekea wapi.

Mama yako