Mafuta ya jua: maswali yenu ya msimu huu wa kaskazi

Joto limepamba moto, na maswali kuhusu sanskrini, yaani mafuta ya kukinga jua, yamekuwa mengi. Naanza na haya.

Mimi ni mweusi tii, nahitaji kweli sanskrini?

Ndiyo dada. Weusi wako unakukinga kiasi, huungui upesi kama watalii Wazungu wa kule Nungwi, Zanzibar, ila kinachotusumbua wengi wetu ni madoa, yale ya mashavuni yanayokuja na ujauzito na alama za chunusi ambazo hazitoki, sasa jua linayakoleza hayo, na siyo jua tu, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Kama shida yako ni madoa chukua ile yenye rangi ya ngozi, ina oksaidi ya chuma ambayo inazuia na huo mwanga, na uso haubaki mweupe kama umepakwa unga.

SPF 30, 50 au 100?

SPF ni kipimo cha kinga ya jua, na 30 inatosha. Inazuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, 50 inazuia kama 98, kwahiyo usijinyime kula ili ununue ya 100. Cha muhimu iwe inazuia na UVA, miale inayoingia ndani zaidi ya ngozi, angalia kama kuna herufi UVA ndani ya kaduara au PA yenye alama za kujumlisha, tatu kwenda juu. Halafu watu wanapaka kidogo mno jamani! Uso na shingo ni vidole viwili, kila kimoja na mstari wa mafuta, na unarudia kila baada ya masaa mawili, ukitoka kuogelea au jasho likikutoka unapaka tena.

Nimeuziwa sokoni krimu "inazuia jua na kung'arisha", kopo halina maelezo. Nitumie?

Usitumie, tafadhali. Kopo lisilotaja viambato linaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi, yaani mkorogo uliobadilishwa jina tu, na ngozi iliyochubuliwa ndiyo inayoumizwa zaidi na jua. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, wapelekee waione.

Eti kemikali za sanskrini zinaingia kwenye damu?

Baadhi zinaingia kweli, vipimo vya Marekani vya 2019 vilionyesha hivyo, lakini kuonekana kwenye damu siyo sawa na kuthibitika kwamba zinadhuru, ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaomba data zaidi. Zinki oksaidi na titani dioksaidi ndizo ilizozipendekeza kuwa salama, kwahiyo mjamzito au mwenye wasiwasi achukue hizo. Ukienda kuogelea Mnemba au Chumbe chukua hizohizo pia, Hawaii walipiga marufuku uuzaji wa zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021 kwa ajili ya matumbawe. Ila epuka ya kupuliza, hasa kwa watoto, wanaivuta.

Kichanga cha miezi minne je?

Kivuli na nguo nyepesi. Sanskrini baada ya miezi sita.

Mwanangu ana ualbino, ana miaka saba, mafuta ya dukani siyawezi bei. Nifanyeje?

Mama, hili nimelisoma mara mbili. Kwa mwanao mafuta ya jua ni dawa, siyo urembo, saratani ya ngozi inawawahi watu wenye ualbino wakiwa bado vijana kabisa. Kuna mafuta yanaitwa Kilisun, yanatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi maalum kwa wenye ualbino na yanagawiwa bure kupitia kliniki, kwahiyo nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa au kwa Chama cha Watu wenye Ualbino uulize ratiba ya kwenu. Wakati unasubiri, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia ya pama yenye ukingo mpana, kapelo haifai kwa sababu inaacha masikio na shingo wazi na ndiko vidonda vinakoanzia. Ongea na mwalimu pia: kama kuna gwaride au michezo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni akae kivulini, na hata kukiwa na mawingu asitolewe nje. Mkague ngozi kila wiki unapomwogesha, ukiona kidonda au kigaga ambacho hakijapona wiki tatu usipake kitu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, kikikatwa kikiwa kidogo anapona.